Digrii Tisini na Nne Mashineni

Jumatatu, 14 Julai

Siku ya kwanza ya biashara. Historia! Nimeamka kabla ya kengele ya misa ya asubuhi. Nimenyoa ndevu. Nimevaa shati la mikono mirefu. Kompyuta imekaa vizuri kwenye kona ya mashine ya kukoboa mpunga ya Mama Wilhelmina, hatua tano kutoka kwenye bomba linalotema pumba. Mama aliniuliza mara mbili kama nina hakika na kona ile. Nilimwambia nimefanya utafiti.

Utafiti wenyewe huu hapa. Msimu huu watu wanaleta mpunga kutoka Malinyi, Mlimba, kila mahali. Wanakaa juu ya magunia wakingoja zamu yao tangu asubuhi mpaka jioni. Hawana la kufanya. Wanapiga miayo. Mtu anayepiga miayo ni mteja ambaye hajajijua.

Na hii si kompyuta ya kuandikia barua. Ni ya gemu! Ndani ina kadi ya picha kubwa kama tofali, feni mbili, inachora kila kitu kwenye skrini mpaka jani moja moja. Nilibadilishana na pikipiki yangu kwa fundi mmoja wa barabara aliyekuwa anahamishwa. Watu wakacheka. Wacheke. Sasa natembea kwa miguu, lakini kichwa juu.

Gemu nililochagua ni la kilimo. Trekta, jembe, mashine ya kuvunia. Bonde zima hili linajua kulima, hakuna wa kufundishwa. Akili!

Hii ni shajara yangu, basi niseme na ukweli. Sababu kubwa ni Mzee Nazari, baba yake Levina. Levina ndiye anayepima magunia kwenye mizani hapo mashineni. Barua yangu ya posa iko kwa baba yake tangu wiki iliyopita. Barua ya Sylvanus, mwendesha mashine, nayo iko hapo hapo. Tena nasikia ameiandika kwa mwandiko mzuri. Majibu Jumapili baada ya misa. Mzee mpunga wake bado mbichi, anauanika uwanjani kwa Mama Wilhelmina wiki nzima. Nikimfurahisha mzee siku sita, Levina ni wangu.

Saa nane mchana nilimpa shikamoo, nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki, nikampa pedi ya kuchezea, ile ya vitufe. Alishika trekta kama amezaliwa ndani yake. Dakika ishirini tu, skrini ikajaa mistari ya kijani. Ikaganda. Ikazimika. Harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Kipimo kabla ya kuzima kilisema kadi ya picha ina digrii tisini na nne.

Levina akaacha mizani, akaja, akachungulia. Akasema ni vumbi la pumba, feni zinalivuta ndani, nisafishe na nihame ile kona. Nikamshukuru kwa upole. Ana macho mazuri sana. Lakini mtu wa mizani atajua nini kuhusu kompyuta?

Jumanne, 15 Julai

Tatizo limejulikana. Hewa! Kompyuta imefungwa mabati pande zote, nani asingepata joto? Hali ya hewa haihusiki. Ni Julai, Mama Wilhelmina mwenyewe anashinda amejifunga kitenge mpaka masikioni. Nimefungua bati la ubavuni ili mashine ipumue.

Ndani nimekuta kitu laini, rangi ya hudhurungi, kimejaa kati ya vibati vyote vya kadi na kuzunguka feni. Nadhani ni sufi ya kiwandani, ya kuilinda kadi isigongwe safarini. Kazi safi sana. Nimeiacha kama ilivyo.

Mzee Nazari alilima, akapanda. Ana maswali mengi. Aliuliza dungu la kulindia ndege liko wapi. Nikamwambia humu hakuna ndege. Nguruwe pori? Hakuna. Tembo? Hakuna. Akaweka pedi chini, akaniangalia. Akasema shamba lisilo na ndege lina kasoro, huenda udongo wake una sumu. Nilihangaika robo saa kumtoa wasiwasi. Ikazimika saa tano. Ikazimika saa saba. Ikazimika saa nane na nusu, mzee akiwa bado anageuza trekta.

Beatus alikuja na trela lake kuchukua pumba. Beatus ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza, anachoma matofali Lumemo, na ndiye mshenga wangu. Pumba ndizo anazochomea. Alinieleza kwa kirefu kwamba tanuri la pumba likishashika linakaa siku kadhaa bila kupoa. Nilimwambia nina mambo yangu ya kichwani, anieleze Mzee anasemaje kuhusu barua. Akasema Mzee hasemi chochote, anazungumzia tembo tu.

Jumatano, 16 Julai

Leo nimemgundua adui. Sylvanus! Mota yake ya kukobolea inatoa joto, joto lote linakuja kwenye kona yangu. Nimepima kwa mkono. Hii si bahati mbaya. Ni mtu aliyeandika barua ya posa na anayetaka kumchoma mwenzake polepole.

Nilimwomba Mama Wilhelmina asogeze mashine kidogo. Mama akaniuliza kama nimekula.

Nilimkabili Sylvanus mwenyewe. Kwa adabu, lakini kiume. Alikuwa anafanya ule mchezo wake wa kila jioni: anazima mota, anafungua kifuniko cha feni yake, anapiga brashi, anapuliza, anafunga. Kila siku! Mtu mzima, na brashi. Akanijibu bila kuinua kichwa kwamba asipofanya hivyo mota inaungua, na kwamba nami, kaka Fridolin, nifanye vivyo hivyo kwenye kompyuta yangu. Nilicheka. Huyu alitaka niingize brashi kwenye kadi ya picha, iharibike, abaki peke yake na mwandiko wake mzuri.

Mbinu yangu ni bora zaidi. Mtungi wa maji hupoa kwa nini? Kwa sababu unatoa jasho. Nimening'iniza gunia bichi mbele ya kompyuta, nyuma yake nimeweka feni ya mezani. Upepo wa ubaridi, kama uko milimani Mahenge! Kompyuta ilikaa saa nzima bila kuzima. Saa nzima! Niliwaita watu waje kushuhudia.

Wakaja. Shamba la Mzee lilikuwa limeiva. Manjano mpaka mwisho wa skrini, masuke yanayumba. Mimi mwenyewe nilisisimka. Mzee alipanda mashine ya kuvunia, akaenda mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Watu wameacha magunia yao, wanamwelekeza ageuze huku, ageuze kule. Katikati ya shamba, mistari ya kijani. Kimya. Giza.

Mzee Nazari hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alikaa anaangalia skrini nyeusi, kisha akasema taratibu, hata humu.

Nikakumbuka. Misimu miwili mfululizo mto umemchukulia shamba lote, mpunga ukiwa tayari kukatwa. Mwaka huu kapata haya magunia kumi na moja anayoanika, basi. Levina alisikia, akageukia mizani yake, akaanza kupima gunia ambalo alishalipima. Niliona aibu. Naiandika hapa maana hapa hakuna anayesoma.

Nimefungua ubavu tena. Ile sufi ya kiwandani imelowa na kuwa kama ugali. Ajabu, sikujua sufi hufanya hivyo.

Alhamisi, 17 Julai

Usingizi mdogo, wazo kubwa. Kitu cha moto hupozwa na kitu cha baridi. Nilihangaika na magunia ya maji wakati Mama Wilhelmina ana friza!

Nimechomoa kadi ya picha kwa mikono yangu. Nimeifunga kwenye mfuko, nimeilaza ndani ya friza kati ya soda na perege. Saa tatu asubuhi mpaka saa sita. Nia yangu ilikuwa ishibe baridi, ikirudi kazini iwe na akiba ya wiki nzima.

Saa sita nikaitoa. Nyeupe kwa barafu, nzuri kuitazama, inanuka perege kidogo. Baada ya dakika tano ikaanza kutoa maji kila tundu. Mfuko ulikuwa na tobo, kumbe. Levina akapita, akaona, akashika kiuno. Akasema nisithubutu kuiwasha ikiwa na maji, na kwamba hayo yote ni bure, tatizo ni pumba. Mara ya pili hiyo anasema pumba. Nampenda, lakini ana wazo moja tu.

Kukausha ni rahisi. Jua la uwanjani ni la wote. Turubai la Mzee Nazari lilikuwa limetandazwa, mpunga umesambazwa, watu wanaugeuza kwa miguu. Nilichimba kishimo kidogo pembeni, nikailaza kadi humo isipeperushwe na chochote, nikaifunika na mpunga kiasi ili jua lisiichome sana. Nikaenda kula.

Nikiwa kwenye wali, wingu! Jeusi, kutoka upande wa milima. Julai! Uwanja mzima ukalipuka. Kila mtu anakimbilia turubai lake, anazoa, anajaza gunia, anaita mwenzake. Mzee Nazari yuko peke yake na mgongo wake mbovu. Levina kabanwa kwenye mizani. Na Sylvanus je? Alikuwa anahangaika na mkanda wa mashine, hakuona kitu.

Nafasi yangu! Niliacha sahani. Nilizoa kama mtu anayezima moto. Magunia manne niliyajaza peke yangu, nikayashona kwa shazia, nikayabeba mpaka ndani. Mzee aliniangalia muda wote. Alinipa mkono. Aliushika mkono wangu wala hakuuachia upesi. Alisema ahsante, mwanangu. Mwanangu!

Mvua yenyewe ilidondosha matone saba, ikaondoka. Nimerudi nyumbani naimba. Nimevua shati, nimekaa, nimefungua shajara, nimeandika hadi hapa.

Kadi!

Ijumaa, 18 Julai

Nilifika mashineni kabla ya mbwa wa mashineni. Magunia kumi na moja ya Mzee yamepangwa kwenye foleni, yameshonwa, yote yanafanana. Kadi yangu iko ndani ya moja.

Mbinu ya kwanza: nilijifanya nakagua unyevu. Nilifungua gunia, nikatia mkono hadi begani, nikang'ata punje mbili tatu nikitikisa kichwa. Mzee akaniuliza natafuta nini. Nikasema ubora. Akasema ubora uko juu pia, si lazima chini.

Mbinu ya pili: nilikumbatia magunia moja moja nikiyatikisa. Mama Wilhelmina aliniuliza tena kama nimekula.

Saa tatu zamu ya Mzee ikafika ghafla, wa mbele yake kaenda kutafuta magunia ya kupakia mchele. Sylvanus akawasha mashine. Akabeba gunia la kwanza, akalikata uzi, akaliinua juu ya mdomo wa mashine. Nikawaza kadi yangu ikiingia mle. Nikawaza pia mawe ya mashine ya Mama Wilhelmina, mpunga wa Mzee umechanganyika na vyuma, na Jumapili yangu. Nikaruka kwenye swichi kubwa ya ukutani, nikaizima.

Mashine ikasimama. Watu arobaini wananiangalia. Nikajaribu kusema nimesikia mlio wa hatari. Levina alisimama mbele yangu akasema neno moja, sema. Nikasema. Friza, turubai, kishimo, wingu, yote.

Hakuna aliyecheka, jambo lililoniumiza zaidi. Baadaye kidogo walicheka wote, jambo lililoniumiza zaidi ya hilo.

Levina hakucheka. Alichukua bambo, kile chuma chenye ncha cha kudungia magunia kutoa sampuli. Akadunga gunia la kwanza taratibu, akisikiliza kama daktari. Akadunga la pili. La tatu. Kwenye gunia la sita, ti! Akafungua, akatia mkono, akatoa kadi yangu ikiwa na punje kila tundu. Mzee Nazari alisogea, akatazama, akauliza kama mpunga wake umedhurika. Levina akasema hapana. Mzee akasema basi. Basi ya namna gani, sijui. Nimeifikiria siku nzima.

Levina aliazima brashi ya Sylvanus na pampu ya baiskeli ya Mama. Akakaa kwenye ndoo, akaifungua kadi, akaanza kupiga brashi na kupuliza. Kikatoka kidonge cha pumba kikubwa kama andazi. Kikafuata kingine. Ile sufi yote! Nilimwambia awe mwangalifu, hiyo ni ya kiwandani. Aliniangalia, akaendelea kupuliza.

Jumamosi, 19 Julai

Digrii sitini na saba! Nimeziandika ukutani kwa chaki. Asubuhi mpaka adhuhuri, sitini na saba, feni zinazunguka kwa sauti ndogo kabisa. Haijazima hata mara moja.

Saa saba Mzee Nazari alikuja akiwa amevaa koti. Koti! Mchele wake umeshakobolewa, umepakiwa, hana sababu ya kubaki. Akavuta kiti. Watu wakajazana, na Levina akasimama nyuma ya baba yake. Alianza mstari wa kwanza. Alipofika katikati, pale pale penye giza la Jumatano, akapunguza mwendo, na watu wote wakasogea karibu na skrini. Akapita.

Akavuna lote. Hadi pembe ya mwisho, hadi suke la mwisho. Kina mama wakapiga vigelegele, mtu mmoja wa Malinyi akalia machozi kabisa akisingizia vumbi. Mzee aliweka pedi kwenye mapaja. Akauliza magunia yako wapi. Nikamwambia humu hakuna magunia, mavuno yanaingia ghalani yenyewe. Akafikiri. Akasema si kitu, ameshayaona. Akajifuta uso kwa mkono wa koti, akaondoka akitembea wima.

Nami niliona machozi yangu yanakuja. Nimefurahi sana, na si kwa ajili ya barua tu.

Kitaalamu, jambo liko wazi. Saa tatu za friza, kisha jua la turubai. Baridi kwanza, joto baadaye. Brashi ya Levina ilisaidia kuipa muonekano mzuri. Nitaiita Njia ya Fridolin.

Jumapili, 20 Julai

Sikusikia neno la mahubiri. Sylvanus alikaa benchi la mbele yangu, shingo yake imepakwa mafuta. Baada ya misa Beatus aliingia kwa Mzee Nazari akiwa amevaa tai. Mimi nilizunguka nyumba ya jirani mara kumi na tisa.

Akatoka. Nimekubaliwa! Mimi! Levina binti Nazari na mimi!

Beatus alinieleza. Mzee kasema barua zote mbili zilikuwa nzuri, ila mwandiko hauzoi mpunga. Kasema mtu aliyeacha wali wake na kukimbilia turubai la mwingine bila kuitwa, huyo hata akiwa na kasoro, anafundishika. Levina kasema yeye alishaamua siku nyingi, alikuwa anangoja tu kuona kama nitafika Jumapili nikiwa hai.

Kuna sharti. Levina hataki kuiona kompyuta karibu na mashine ya kukoboa. Anataka ihamie mahali ambapo hakuna pumba zinazopeperuka, kabla ya Jumapili ijayo, na nikiambiwa jambo nisikilize. La sivyo barua inarudi. Nikamwambia Beatus hayo ni masharti mawili. Beatus akaniomba kwa urafiki wetu nisianze.

Sylvanus alinipa mkono. Akaniachia na ile brashi yake, zawadi. Mtu mwema, kumbe. Nitaitumia kusafishia viatu.

Jumanne, 22 Julai

Nimesikiliza. Nimehama! Siku mbili tu, wala sikungoja Jumapili. Nani sasa atasema Fridolin haambiliki?

Nimezunguka Ifakara yote nikitafuta mahali penye watu wanaongoja. Hospitalini hawakunielewa. Stendi watu wanaondoka upesi mno. Mwisho nikafika Lumemo kwa Beatus, nikakuta tanuri jipya la matofali, kubwa kama darasa, limewashwa jana. Na pembeni yake, watu! Wateja, wachoma matofali, madereva wa trela. Nikauliza wanangoja nini. Wanangoja lipoe. Nikauliza siku ngapi. Tatu, nne, labda tano. Siku tano! Na wote wanapiga miayo!

Hakuna mashine ya kukoboa. Hakuna bomba. Na sharti la Levina nimelitimiza neno kwa neno: hakuna pumba hata moja inayopeperuka, zote zinawaka ndani.

Beatus aliniuliza mara mbili kama nina hakika na kona ile. Nilimwambia nimefanya utafiti. Umeme nimevuta kwa jirani. Kompyuta nimeiegemeza kwenye ukuta wa tanuri, upande usio na upepo, isipate baridi ya Julai. Mzee Nazari kaahidi kuja kesho na koti lake kupanda msimu mpya. Levina sijamwambia, nataka aje mwenyewe ashangae.

Nimeweka mkono ukutani. Vuguvugu tu. Beatus anasema moto bado haujafika upande huu.